Hilux ya 2015: uchukue KD ya mwisho ama GD ya kwanza?

Shemeji yangu ako na hardware kule Luanda, Vihiga, na kwa mwaka mzima amekuwa akikodisha pikapu ya watu kupeleka simiti na mabati kwa wateja, sasa amechoka anataka yake. Alinipigia simu jioni akaniambia, "Shem, nimepata Hilux mbili, zote za 2015, zote dabo kebini, zote dizeli, moja iko Kisumu na moja iko huko kwenu Nakuru, lakini ya Nakuru wanataka pesa mingi zaidi na logibuku zinasema mwaka mmoja. Si hao wananiibia?" Nikamwambia anitumie picha za logibuku zote mbili, na kabla hata sijaangalia bei nikaona tofauti. Moja injini namba inaanza na 2KD, ingine inaanza na 2GD. Hizo si gari moja. Hizo ni gari mbili tofauti zimezaliwa mwaka mmoja.

Nimeandika hii juu watu wengi huku kwetu wananunua gari kwa mwaka. Unauliza "ni ya mwaka gani?" unaambiwa 2015, unatulia. Na kuna miaka fulani hiyo jibu haisemi kitu, juu kampuni ilibadilisha injini katikati ya mwaka.

Toyota ilizindua hii Hilux mpya, yenye watu wanaita Revo, kule Thailand mwezi wa tano 2015. Kabla ya hapo walikuwa wanatengeneza Vigo, tangu 2004, na injini zake za dizeli ni za familia ya KD: 2KD-FTV ya 2.5 na 1KD-FTV ya 3.0. Revo ikaja na familia mpya kabisa, GD: 2GD-FTV ya 2.4 na 1GD-FTV ya 2.8. Na si kila kiwanda kilibadilisha siku moja. Afrika Kusini, penye Hilux zingine hutoka, ile mpya ilizinduliwa huko mwanzo wa 2016, kwa hivyo gari ya 2015 yenye chesis inaanza na AHT, ambayo ni ya Afrika Kusini, karibu kila mara utapata ni Vigo, na yenye inaanza na MR0, ya Thailand, inaweza kuwa yoyote kati ya hizo mbili. Sasa ukiuliza duka la spea "nipe filta ya dizeli ya Hilux 2015" unaweza pewa ile si yako, na hiyo ilinipata mimi mwenyewe, niko Molo na maziwa ya watu nyuma, filta imekataa kuingia, na duka liko Nakuru mjini.

Kutofautisha kwa macho ni rahisi, bodi ni tofauti na mtu yeyote amezoea barabara atakuambia hii ni Vigo hii ni Revo. Lakini usimalizie hapo. Fungua bonneti ama mlango wa dereva utafute kile kibati cha Toyota, soma penye imeandikwa MODEL. Ikianza na KUN hiyo ni KD, ikianza na GUN hiyo ni GD. Kuna pia LAN, hiyo ni ile 5L-E ya 3.0 isiyo na tabo (ile feni inayosukuma hewa kwa injini), na TGN hiyo ni ya petroli. KUN25 ni ile 2.5 ya fo bai fo, KUN26 ni 3.0, GUN125 ni 2.4 na GUN126 ni 2.8. Alafu uangalie injini namba kwa bloki yenyewe kama inalingana na logibuku, juu hizi pikapu zimefanya kazi miaka kumi na zaidi na nyingi zimebadilishwa injini. Nimeshaona Vigo ya 3.0 kwa logibuku na ndani iko 2.5 ya kutoka kwa gari iliyoanguka. Mtu wa kununua hakuambiwa.

Sasa turudi kwa swali lenyewe: ya mwisho ya injini ya zamani, ama ya kwanza ya injini mpya?

Hili swali wenye wamelizoea kabisa ni Wamarekani, juu kwao pikapu za dizeli zimebadilishwa katikati ya mwaka mara nyingi mpaka wako na lugha yake, wanasema "98 na nusu" ama "2004 na nusu" kama jina la gari. Hizo pikapu hatuziingizi huku, usukani wao uko kushoto, lakini yaliyowapata yanafundisha kuliko brosha yoyote, ndio nataka niyaeleze kidogo.

Dodge Ram ya 1998. Mwanzo wa mwaka ilikuwa na Cummins 5.9 ya vali 12, pampu yake ya dizeli ni P7100, chuma tupu, haina kompyuta, dizeli ikifika na hakuna hewa kwa paipu zake inawaka. Katikati ya mwaka, kwa sababu ya sheria za moshi, wakaleta ya vali 24 na pampu ya VP44 inayoendeshwa na umeme. Nguvu iliongezeka, moshi ukapungua. Lakini ile pampu ndogo ya kusukuma dizeli kutoka tangi ilikuwa dhaifu, na ikichoka VP44 inakosa dizeli ya kuipooza na kuilainisha, inakufa, na si bei ya kucheza. Juu ya hiyo, miaka michache baada ya hapo kuna bloki zilizochapwa namba 53 ambazo zilijulikana kupasuka ubavuni. Kwa hivyo huyo aliyenunua mwezi wa pili na huyo aliyenunua mwezi wa tisa, mwaka mmoja, wanakaa kwa gereji masaa tofauti.

Ford hali ni hiyo hiyo. 7.3 Power Stroke ya 1999 iliyotengenezwa kabla ya Disemba 1998 ilikuwa na injekta (zile zinazonyunyizia dizeli kwa silinda) tofauti na tabo tofauti na ya baada ya hapo, na ukiagiza spea bila kusema ni ya mapema ama ya baadaye unarudishiwa kitu haiingii. Alafu 2003 kuna Ford zilitoka na 7.3 na zingine zikatoka na 6.0 mpya, na hiyo 6.0 ikawasumbua watu na kipoza cha EGR (kinachopooza moshi unaorudishwa kwa injini) na gaskiti za hedi mpaka leo wenye 7.3 za mwisho wanaziuza kama dhahabu. Na 2007, sheria mpya ya moshi ilianza tarehe 1 Januari, kwa hivyo Dodge zilizo na injini 5.9 iliyotengenezwa kabla ya hapo ziliuzwa kama za 2007, na katikati ya mwaka ikaja 6.7 yenye filta ya masizi kwa eksosi. Wengi waliitafuta ile 5.9.

Ukisoma hizo tatu unaweza kusema basi, ya zamani ndio nzuri kila wakati. Hapana. Angalia Chevrolet. Duramax ya kwanza, LB7, ya 2001 mpaka 2004, injekta zake ziliwekwa chini ya tapeti kava (kifuniko cha juu ya injini), na zilikuwa zinaharibika sana, kubadilisha ni kazi ya siku nzima na zaidi kwa sababu unafungua juu yote. Katikati ya 2004 wakaleta LLY, injekta zikatolewa nje ya kava penye fundi anazifikia. Hapo ya mpya ilikuwa bora kwa hicho kitu kimoja, hata kama LLY nayo ilikuja na shida ya kuchemka ikivuta mzigo mzito mlimani. Na huko fundi anajua ni gani kwa herufi ya nane ya VIN (namba ya chesis), 1 ni LB7 na 2 ni LLY, hakuna kubishana. Hiyo Duramax, kwa wale wapenzi wa Isuzu mnaosoma, General Motors waliitengeneza pamoja na Isuzu, kwa kiwanda cha Moraine, Ohio.

Kwa hivyo jibu halitokani na umri. Swali ni injini ya zamani ilikuwa na ugonjwa gani, na je ile mpya imeuponya ama imeleta mwingine. Hapo ndio tunaweza kuweka KD na GD upande kwa upande.

Nianze na kitu kinachoua KD nyingi huku kwetu, na si taiming belti kama watu wanavyofikiria, ni washa ndogo, yaani kiringi cha chuma, chini ya injekta. KD injekta zake zinakaa ndani ya tapeti kava, na chini ya kila injekta kuna hicho kiringi cha kuziba mgandamizo usitoke kwa silinda. Kikichoka, moshi wa silinda unapita pembeni ya injekta, unaingia kwa oili iliyoko juu. Oili inakuwa nyeusi nzito kama lami. Ile lami inashuka kwa sampu (bakuli la oili chini ya injini) inaziba streina, kile kichujio cha pampu ya oili, na siku moja uko mlima wa Sachangwan na mzigo, presha ya oili inashuka, injini inanoki, imekwisha. Na mwenyewe anaapa alikuwa anabadilisha oili kila elfu tano, na ni kweli alikuwa anabadilisha. Ile taa ya oili inawaka mwishoni kabisa, haikupi nafasi.

Hizo washa za miaka ya kwanza ya Vigo zilikuwa za shaba na ndio zilileta kesi nyingi, Toyota ikabadilisha zikawa za aina ingine. Hapo ndio ile Vigo ya 2015 inapata alama zake: ni ya mwisho, wameshaparekebisha. Lakini pikapu ya miaka kumi injekta zake zimeshafunguliwa na mtu, na huyo mtu ama aliweka washa mpya ama alisugua ile ya zamani na msasa akairudisha. Hii ya pili ni ya kawaida sana kwa gereji za barabarani, niamini. Ndio maana mimi sinunui KD bila kufungua kifuniko cha kumimina oili nikachungulia na tochi, na kama muuzaji ni mtu wa maana anakubali tapeti kava ifunguliwe. Ukiona masizi magumu yamejikusanya kuzunguka injekta, hata kama injini inalia vizuri, ondoka ama ukate bei ya kushusha sampu, kuosha streina na washa zote nne.

1KD ya 3.0 iko na shida moja ya ziada, pistoni kupasuka kwa ukingo wa juu. Inakuja mara nyingi pamoja na injekta inayomwaga dizeli vibaya, joto linakaa mahali pamoja pistoni inachoka. Asubuhi inagonga kama mtu anapiga bati, ikipata joto inanyamaza, na hapo ndio broka huhakikisha gari ishawashwa kabla ufike. Shika bonneti na mkono ukifika. Ikiwa na joto, mwambie utarudi kesho saa kumi na mbili asubuhi na umkute bado haijaguswa. Kwa sababu hiyo, kama ni KD, mimi nasema chukua 2.5 usichukue 3.0, hata kama 3.0 inavuta vizuri zaidi.

Taiming belti sasa. KD zote mbili zinatumia belti, na ikikatika vali na pistoni zinakutana, hedi inaharibika. Kwa dashibodi kuna taa ya T-BELT inawaka ikifika kilomita iliyowekwa, kwa nyingi ni 100,000 ama 150,000 inategemea soko la gari, lakini taa inaweza kuzimwa bila belti kuguswa, kwa hivyo taa iliyozimwa si ushahidi. Ukinunua badilisha tu, pamoja na tenshona, na uandike kilomita kwa rangi juu ya kava ya belti. GD inatumia cheni, hiyo hesabu imeondoka. Cheni nayo inategemea oili safi, tenshona yake inasukumwa na presha ya oili, kwa hivyo mtu anayenunua GD ili aache kubadilisha oili amekosea gari.

Nguvu. Hapa kuna mkanganyiko mkubwa kwa sababu hakuna 2KD moja, kuna tatu. Ya kawaida isiyo na intakula (kipoza cha hewa ya tabo) ina farasi 102 na toki (nguvu ya kuvuta) ya Nm 260. Kuna yenye intakula, farasi 120 na Nm 325. Na kuna ya tabo inayobadilisha mabawa, farasi 144 na Nm 343, hiyo ilikuja baada ya uso kubadilishwa 2011. Zote zimeandikwa 2.5 D-4D na zote 2494 cc, logibuku haikuambii ni gani. Angalia kama bonneti ina lile pua la hewa na chini yake kuna intakula imekaa juu ya injini. 2GD ya 2393 cc ina farasi 150, toki Nm 343 ama Nm 400 inategemea giaboksi na soko la gari, na hiyo 343 inaanza mapema, raundi 1,400 tu. Sasa hicho ndicho kitu unakisikia ukipanda kutoka Salgaa kwenda Mau Summit na viazi vya Mau Narok nyuma: KD ya farasi 102 unashuka gia ya tatu, unashuka ya pili, lori zinakupigia honi, na GD inaendelea kwa tatu kama haijui kuna mlima. Na Revo nyingi za gia ya mkono ziko na gia sita, Vigo ni tano, kwa hivyo kwa lami ya Ahero kwenda Kisumu GD inatulia raundi za chini na dizeli inakaa.

Mtu wa 5L-E, ile LAN25 isiyo na tabo, nisimsahau, wako wengi kwa mashirika na kwa serikali. Ni injini ngumu. Lakini haina tabo, na huku juu hewa ni nyepesi, Nakuru tuko kama mita 1,850 juu ya bahari na Timboroa ni juu zaidi ya hapo sana, injini isiyo na tabo inavuta hewa kidogo inakuwa mgonjwa. Kisumu mpaka Busia itakufanyia kazi. Kupandisha mzigo Mau kila siku, hapana. Na usidanganywe kwamba haina umeme, ile E ni pampu ya umeme.

Ugonjwa wa GD uko wapi? Mbili najua. Ya kwanza ni vumbi. Kule Australia, penye barabara ya vumbi ni kama yetu, zile GD za mwanzo zilikuwa na shida ya vumbi laini kupita filta ya hewa na kukaa kwa sensa inayopima hewa, gari inakosa nguvu taa inawaka. Kwa mtu wa murram ya Vihiga ama ya Olenguruone hicho si kitu kidogo, kwa hivyo ukienda kuona GD ya 2015, hiyo ya kwanza kabisa, toa eya klina (kile kisanduku cha filta ya hewa), pitisha kidole ndani ya bomba upande wa baada ya filta. Kidole kikitoka na vumbi, hiyo injini imekuwa ikila mchanga, na tabo na ringi zinakula pamoja nayo. Ukinunua weka filta ya kampuni, usinunue ile ya bei nusu inayokaa legelege, na uipulize mara kwa mara kiangazi.

Ya pili ni ile filta ya masizi kwa eksosi, DPF. Huko Australia ilileta kesi kubwa mahakamani, Hilux na Prado na Fortuner zaidi ya 260,000 zilizouzwa kati ya Oktoba 2015 na Aprili 2020, na mwaka wa 2022 mahakama ikaamua dhidi ya Toyota, juu filta ilikuwa haijisafishi vizuri, moshi mweupe, gari inakula dizeli. Hiyo inakuhusu wewe kama gari haikuuzwa mpya hapa. Kama ililetwa ikiwa imetumika kutoka Uingereza ama Australia, ingia chini uangalie eksosi kama ina lile kopo kubwa karibu na injini, na uulize. Dizeli yetu ilishushwa salfa 2015 mpaka 50 ppm, afadhali sana kuliko ile 500 ya zamani, lakini DPF inapenda safi kuliko hapo, na mwendo wa kusimama simama Kondele kwenda Kibuye hauipi joto la kujichoma. Mimi singenunua yenye DPF kwa kazi ya mjini, hata kwa bei nzuri.

Kuhusu injekta, zote mbili ni komoni reli (bomba moja la presha linalisha injekta zote), zote mbili zinachukia dizeli chafu na maji, na hapo hakuna mshindi. Yule anayekuambia GD "haina shida ya nozo" hajawahi kuweka dizeli ya mtungi kando ya barabara. Badilisha filta ya dizeli mapema kuliko kitabu kinavyosema na umwage maji.

Mafundi na spea ndio kitu kinachobaki, na kwa huku kwetu hiyo inaweza kushinda mengine yote. KD kila fundi kutoka Kamas mpaka Busia ameshaifungua macho yamefungwa. Ukiharibikiwa Chavakali saa moja usiku kuna mtu ako na washa, kuna mtu ako na injekta ya mtumba, kuna bloki nzima kwa mtu fulani Kisumu. GD mafundi wazuri wapo na wanaongezeka, lakini nyingi ya shida zake inataka mashini ya kupima kwanza, na fundi asiye na mashini anaanza kubadilisha vitu kwa kubahatisha, na wewe ndio unalipia kila bahati. Rafiki yangu alibadilishiwa sensa tatu kwa GD kabla ya mtu mmoja Nakuru kuchomeka kompyuta na kuona ni waya imekatwa na panya.

Kwa hivyo, gani? Kama unasafiri lami ndefu kila siku, Nakuru Kisumu na kurudi, mzigo wa wastani, na uko karibu na mji wenye fundi wa mashini, chukua GD, na kama unaweza kungoja, usichukue ya 2015 chukua ya 2017 ama 2018, zile za kwanza kabisa za injini yoyote ndizo hubeba makosa ya kiwandani. Mimi mwenyewe naendesha GD ya 2017 na siwezi kurudi. Lakini kama kazi yako ni ya kijijini, barabara ya mawe, simiti mifuko ishirini, fundi wa karibu ako na spana na akili na hana kompyuta, ile KD ya mwisho ya 2.5 yenye intakula ni pikapu nzuri sana mpaka leo, bora tu umejua nani alizigusa injekta na lini. Ya 2015 ya KD naiweka mbele ya 2015 ya GD kwa mtu wa namna hiyo, na nasema hivyo nikiwa mtu wa GD.

Na bei, mtu asikuuzie KD kwa bei ya GD kwa sababu mwaka ni mmoja. Hiyo nimeiona Nakuru zaidi ya mara moja, wauzaji wanajua kabisa, wanaweka "2015" kwa karatasi kubwa kwa kioo na wanangoja mtu asiyeuliza. Wewe uliza injini namba kwa simu kabla hata ujaze nauli. Asiyetaka kuisoma hiyo namba, mwache.

Sasa shemeji nilimwambia ya Nakuru aiache. Ilikuwa GD ya mapema, bomba la hewa nilienda kulipima mwenyewe, kidole kilitoka rangi ya murram. Ya Kisumu kibati kinasema KUN25, chesis inaanza na AHT, intakula iko, na mwenyewe ni mwalimu mstaafu ambaye ako na risiti za sevisi kwa bahasha. Shemeji akamuuliza, "Mwalimu, tunaweza kufungua kava ya juu tuone injekta?" Mzee akasema leteni fundi wenu Jumamosi asubuhi, sitaiwasha. Nilipenda hiyo jibu kuliko risiti zote. Jumamosi nashuka Kisumu na washa nne mpya kwa mfuko.